Mstari wa Mtu Mmoja

Mume wangu, Kunihiko Karasawa, aliendesha basi la mji maisha yake yote ya kazi, na tangu astaafu hajaacha kuendesha, ila basi ndilo halipo. Akitoka chooni asubuhi ananyoosha kidole kwenye swichi na kutangaza, "Taa, imezimwa!" Akimaliza chai anaelekea jikoni: "Gesi, imefungwa!" Madereva wa kwetu wote hufundishwa hivyo, kuonyesha kwa kidole na kutaja kwa sauti, ili mazoea yasiwadanganye macho. Wenzake waliiacha tabia hiyo kazini siku waliyoagwa. Wangu alikuja nayo nyumbani pamoja na kofia. Kwenye harusi ya mwanetu Noboru alimnyooshea kidole bibi harusi mbele ya wageni wote, akasema, "Bibi harusi, yupo!" Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Ana sheria moja, na ameishika hadi inachosha: asichokiona hakitaji. Hawezi kusema "kioo, sawa" kama hajakitazama kioo. Kwa hiyo hawezi pia kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu ambao sisi wengine tunaishi kwa huo. Mama yangu alimuuliza mara moja kama figili zake za kuchachua ni tamu. Akajibu kwamba hajaonja. Akaonja, akasema zina chumvi nyingi. Mama aliishi miaka kumi na minane baada ya hapo na hakumkaribisha figili tena.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukitaja hata siku moja, nacho ni kundi la damu yake. Hakulijua. Kwetu watu huamini kwamba kundi la damu ndilo tabia ya mtu, na asiyelijua lake anatazamwa kama mtu asiyeijua siku yake ya kuzaliwa. Ukienda kwa mchumba unaulizwa, ukiingia kazini wenzako watakuuliza kabla ya chakula cha mchana, na televisheni ya asubuhi inakuambia leo A mjihadhari na ngazi, O mna bahati na mambo ya mapenzi. Mshenga wetu alipokuja kwa wazazi wangu alisema hivi: kazi ni basi la mji, meno yote yapo, damu haijulikani. Baba alinuna juma zima.

Sababu ni aibu, basi niiseme. Bwana huyu anaogopa sindano. Alizaliwa nyumbani kijijini, kwa mkunga, theluji imefika dirishani, na hakuna aliyempima. Kampuni ilipowapima madereva kila mwaka, ilitaka kujua sukari na mafuta, haikuuliza kundi. Alitolewa damu amelala, amejifunika taulo usoni, na aliporudi nyumbani alikuwa wa kunyweshwa uji. Kila nilipomwambia basi nenda ukapimwe kundi tujue, alijibu, "Mama Noboru, sindano moja kwa mwaka inanitosha."

Mimi ni B. Mama mkwe aliposikia alitazama pembe za nyumba yangu akitafuta vumbi, na, niseme kweli, alilipata.

Sasa, mambo yenyewe. Kila kiangazi shule zikifungwa, watoto wa mtaa wetu hukusanyika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye uwanja wenye bembea, nyuma ya hekalu, kufanya mazoezi ya viungo yanayotangazwa redioni. Kila mtoto ana kadi inayoning'inia shingoni kwa uzi, na mazoezi yakiisha anagongewa muhuri. Mwenye redio ni mume wangu, na mwenye muhuri ni yeye, muhuri wenye ua la alizeti, ndiyo maana watoto wanamwita Babu Muhuri. Anavaa kofia yake ya basi. Anasimama mbele, anawageukia, na kabla kinanda cha redioni hakijaanza ananyoosha kidole: "Watoto, wapo! Viatu, vimefungwa! Nyoka, hakuna!" Watoto wanapiga kelele za furaha, hasa kwa nyoka.

Mwaka jana ikaja katuni. Ni ya dakika chache tu kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Vyura wanne wanaishi kwenye bwawa moja. Chura A anapima kina cha maji kwa rula kabla hajaruka. Chura O anakula nzi wa wenzake, kisha anawaongoza wote kwa kujiamini katika njia asiyoijua. Chura B anaacha mkutano katikati na kumfuata kereng'ende. Chura AB anasema ndiyo na hapana kwa wakati mmoja, hakuna anayemwelewa, na akishtuka kidogo tu anaanguka chali, miguu yote juu, ulimi nje.

Chura B alinikera sana. Nilipiga simu kituoni kuwaambia kwamba mimi nimekaa kwenye mikutano ya mtaa mpaka mwisho, tena nikaosha na vikombe. Binti mwenye sauti tamu akanishukuru kwa maoni yangu, kisha akauliza mimi ni kundi gani. Nikamwambia. Akasema, "Ahaa." Nikamkatia simu.

Katika juma la kwanza la likizo watoto wakawa vyura. Gaku, mtoto wa kinyozi, mwenye sauti ya mnada, alikuwa O, basi akaanza kula mara mbili na kuongoza wenzake kwenda dukani kupitia mferejini. Mirei, wa darasa la tano, alikuwa A, akawa anapanga viatu vya watu mlangoni mwao bila kuombwa. Mtoto mmoja wa B alimwambia mwalimu wake wa kuogelea, "Siwezi kusikiliza zaidi ya hapa, mwalimu, ni damu." Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba anaisingizia na damu yangu.

Kisha wakajigawa mistari. Hakuna mtu mzima aliyewaambia. Asubuhi moja mume wangu alifika uwanjani na kuwakuta wamesimama mistari minne, A, O, B na AB, imenyooka vizuri. Alirudi nyumbani uso unang'aa. Miaka yote amekuwa akiwasihi wajipange, na hawa leo wamejipanga wenyewe!

"Wamejipanga kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa mistari."

"Najua kwa mistari, Baba Noboru. Nauliza kwa utaratibu gani?"

Hakuwa ameuliza. Mstari ukinyooka, kwake umejieleza.

Ilimchukua siku kadhaa kuona kwamba mstari wa nne ulikuwa na mtu mmoja. Huyo ni Konoha, binti wa darasa la pili, mama yake ni nesi kwenye zahanati ya mtaa. Mwanzoni mtoto alijivuna, kwa kuwa chura wake ndiye anayechekesha kuliko wote. Halafu wakaanza kumjia kwa nyuma na kumpigia makofi ya ghafla sikioni, waone kama ataanguka chali. Halafu wakachoka hata na hilo, wakamwacha tu. Akawa anakuja amechelewa na kusimama karibu na choo. Kadi yake ikaanza kuwa na mapengo.

Asubuhi moja alipogongewa muhuri alisema, "Babu, kesho siji."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mstari wangu ni mimi tu."

Mume wangu alinyoosha kidole kuelekea pale mstari ulipokuwa, kwa mazoea tu, akaona hana la kutaja. Alinisimulia akiwa amekaa kizingitini, kofia mapajani, na hakuigusa supu yake ya miso mpaka ikapoa. Nilimwonea huruma mtoto, na nikakasirika. Nilitaka niende nikawatandike vyura wote wanne kwa kijiti cha kuanikia nguo.

"Vunja mistari hiyo," nikasema. "Wewe ndiye mwenye redio."

Akajaribu. Kesho yake akawaambia wasimame watakavyo. Wakasimama watakavyo: A, O, B, na pembeni nafasi tupu ya AB, maana kweli Konoha hakuja. Siku iliyofuata mama yake alimleta kwa mkono, macho yamevimba, ili aje aage vizuri na kurudisha kadi. Kwetu hata kuacha kuna adabu yake.

Siku hiyo ndipo Gaku alipopaza sauti, "Babu, kwani wewe ni chura gani?"

"Sijui."

Watoto walitumbua macho. Wangemwona hana pua wasingeshangaa zaidi.

"Hujui nini? Hujui damu yako mwenyewe?"

"Sijawahi kuiona ikipimwa."

Kelele zikaanza hapo. Mirei akasema ni A bila ubishi, nani mwingine anaikagua gesi iliyokwisha kufungwa? Gaku akasema ni O, mbona anagawa tikiti maji na kujikatia kipande kikubwa? Watoto wa B wakasema wao walimwona akiacha zoezi la kuruka ili amtazame mende mwenye pembe kwenye mti. Kila mstari ukamvuta mkono. Mume wangu, ambaye katika maisha yake abiria walimwambia tu "nashuka hapa," alifurahi sana kugombewa.

Konoha alisubiri watulie. Akamvuta shati. "Babu, inawezekana ukawa AB?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Lakini inawezekana?"

"Inawezekana."

Mtoto akaivaa tena kadi yake shingoni, akamwambia mama yake waende, na akaondoka akirukaruka.

Mume wangu alirudi nyumbani mweupe kama tofu. "Nimemwambia inawezekana," akasema.

"Si ni kweli?"

"Ni kweli. Lakini kesho ataniuliza, na keshokutwa ataniuliza."

"Mwambie wewe ni AB, yaishe. Nani atakujua?"

"Sijaona."

"Baba Noboru, mtoto atalia tena!"

"Nimesikia. Lakini nikitaja nisichokiona, kutaja kwangu kote kutakuwa na maana gani?"

Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Yeye akanyanyuka, akavaa kofia, akanyoosha kidole mlangoni, akasema, "Zahanati. Naenda." Hasira ikaniisha. Nikavaa viatu nikamfuata.

Zahanati ilikuwa imejaa bibi vizee waliokuja kwa kiyoyozi, na mmoja wao alikuwa bibi yake Gaku. Mama Konoha alitoka mwenyewe kutupokea, akainama. Ni mwanamke mnene, mpole, na nilimwona usoni kwamba anajua kilichotuleta.

"Utapenda kulala, Mzee Karasawa?"

"Nitakaa." Sijui ushujaa huo aliutoa wapi. Akaketi, akakunja mkono wa shati, na kidole kikaanza kazi. "Kiti, sawa! Mkono, upo! Pamba, ipo! Sindano..."

Hakumaliza. Alikwenda chali pamoja na kiti, miguu yote miwili hewani, kofia ikabingirika mpaka kwenye miguu ya bibi yake Gaku. Mama Konoha alimzoa kwa mkono mmoja kama gunia la mchele, akamlaza, na kwa kuwa alikuwa hajitambui akaitoa damu bila shida yoyote. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona damu ya mume wangu ikitoka kwa amani.

Alipozinduka tulimpa chai baridi ya shayiri. Mama Konoha alikwenda nyuma ya pazia, akakaa, akarudi na karatasi ya majibu, akaishika mbele ya mume wangu aione. Hakutazama mtu.

"Ni A," akasema. "Samahani sana."

Mume wangu akajivuta akaketi, akainama kitandani palepale. "Hapana, samahani ni yangu."

"Hapana, kweli, ningependa sana iwe..."

"Nimekusumbua, na matokeo yenyewe ndiyo haya."

Wakaendelea kuinamiana, nesi na dereva wa basi, kila mmoja akiomba radhi kwa ajili ya damu. Nami niliyeolewa na mtu huyu bila kujua kundi lake, nikalijua hatimaye, na nikaona ni lile lile ambalo mama mkwe siku zote alidai mwanawe analo. Sikuwa na nafasi hata ya kukasirika. Nilikuwa nawaza tu kesho asubuhi itakuwaje.

Kesho yake asubuhi nilikwenda naye, kisingizio changu tikiti maji. Konoha alikuwa amefika kabla ya wote. Alisimama mahali pake, na kushoto kwake alikuwa amechora kwa kisigino duara mchangani, la ukubwa wa miguu ya mtu mzima. Mume wangu aliliona duara.

Habari za zahanati zilikuwa zimemtangulia, bibi yake Gaku ni redio kuliko redio yetu. "Babu alizimia!" Gaku alipiga kelele. "Bibi kaniambia! Miguu juu!"

"Nilizimia," akasema mume wangu.

"Ulimi ulikuwa nje?"

"Sikuuona."

"Ulikuwa nje," nikasema mimi, kwa sababu ulikuwa nje.

"Basi majibu? Majibu, Babu!"

Alivua kofia. Sijui kwa nini alivua, ila ndivyo alivyofanya siku aliyokabidhi funguo za basi. "Ni A," akasema.

Nilitegemea mstari wa A ushangilie. Haukushangilia. Mirei alikunja uso, akaweka mikono kiunoni.

"Haiwezekani," akasema.

"Imepimwa," akasema mume wangu.

"A haanguki chali, Babu. A kwanza anapima mahali atakapoangukia. Mimi nimezitazama zote, hata za marudio."

"Mimi mwenyewe nimeona..."

"Uliona nini na ulikuwa umezimia?"

Watoto wa O wakaanza kucheka, wa B wakasogea karibu, jambo ambalo si kawaida yao.

"Nani kapima?" akauliza Gaku.

"Mama yake Konoha."

"Basi amekosea. Miguu juu, ulimi nje, hajielewi, hiyo ni AB tupu! Hata kipofu ataona!"

"Amekosea!" wakaitikia wote. "Mama Konoha amekosea!"

Wakageuka kumtazama Konoha. Nami nikamtazama. Mtoto huyo anamwabudu mama yake. Anamfuata zahanati jioni na kukunja bandeji, na humwambia kila mtu kwamba mama akichoma sindano hata mtoto mchanga haamki. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akajikuna mguu kwa mguu mwingine na kulitazama lile duara.

"Nenda AB, Babu," akaamuru Mirei. "Gaku atasimama mbele." Gaku alikuwa tayari yuko mbele.

Mume wangu aligeuka kunitafuta. Nilijua anataka nimwambie jambo la busara, lakini nilikuwa na tikiti maji mikononi na sikuwa na busara yoyote. Nikamwonyesha kwa kidevu: nenda. Akaenda. Aliingia kwenye duara mguu mmoja mmoja, kwa uangalifu, kisha akainama mpaka usawa wa sikio la mtoto. Bembea niliyoegemea iko nyuma yao kabisa, hivyo nilisikia kila neno.

"Konoha, mimi ni A. Mama yako hakukosea."

"Najua," akasema Konoha bila kugeuza shingo. "Mama hakosei."

"Sasa nifanyeje?"

"Simama tu, Babu. Usiwaambie tena, watakurudisha."

Akasimama. Niliona mabega yake yamekaza, na nilimjua: alikuwa akitafuta kitu cha kutaja ambacho ni kweli, na kama hakipo atatoka kwenye duara lile hata mtoto akilia. Kinanda cha redioni kikaanza kupiga. Gaku akainua mikono, akakosea zoezi la kwanza kwa kujiamini. Hapo mume wangu akairudisha kofia kichwani, akainyoosha, akatazama kushoto kwake, akatazama kulia kwake, akatazama miguu yake mikubwa na vile viatu viwili vidogo pembeni. Akanyoosha kidole.

"Mstari wa AB!" akatangaza. "Watu wawili! Sawa!"

"Sawa!" akaitikia Konoha, naye amenyoosha kidole.

Nimemsikia akitaja vitu nyumbani kwangu kila siku ya Mungu, taa, gesi, mlango, mpaka masikio yangu yameota sugu. Asubuhi ile nililiweka tikiti maji chini mchangani, kwa sababu sikuwa nikiona vizuri.